Ngao Inayokubali Kuungua

Wazee wangu, kina mama, vijana wa Malindi, asalamu aleikum. Wengi wenu mmekua mkiyaona yale majukwaa ya chuma baharini, kule Ngomeni. Hapo ndipo satelaiti ya Uhuru iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970. Kupaa tumekusimulia sana. Mimi leo nataka tuzungumze kushuka, maana ndiko kwenye moto.

Chombo kinachotoka mwezini huingia angani kwa kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde. Hapa mpaka Mombasa, sekunde kumi na moja! Wengi hudhani joto lake ni la kusuguana tu. Sivyo, jingi hutokana na hewa ya mbele kukosa pa kupishia, ikabanwa ghafla. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua bomba linavyopata moto mkononi. Miaka ya hamsini mwanzoni, Mmarekani Harry Julian Allen akaonyesha kwamba chombo kisichongwe kama mshale, kiwe butu. Pua butu husukuma wimbi la hewa mbele yake, na joto jingi hupita pembeni na wimbi hilo.

Linalobaki bado lingeyeyusha chuma. Sasa kumbukeni nazi yenye kumbi lake ikitupwa motoni: nje kaa, moshi unafuka, ndani bado baridi. Ngao ya Apollo, chombo kilichowapeleka Wamarekani mwezini, ilikuwa hivyo. Iliungua makusudi, gesi yake iliisukuma hewa ya moto, na kaa likaukinga ubichi wa ndani. Chombo kidogo kilichoachiwa na Galileo, chombo cha Marekani, kilipozama katika sayari ya Mshtarii mwaka 1995 kwa kilomita 47 kwa sekunde, kilikuwa na kilo 339, na ngao peke yake kilo 152. Kilo 80 hivi ziliteketea.

Lakini linalonikosesha usingizi ni la Orion, chombo kipya cha Marekani cha safari za mwezini, mwaka 2022. Ngao ilirudi imemeguka vipande. Ndani chumba kilikuwa salama, ila kwa nini imeguke? Mmeona kuni mbichi zinavyopasuka jikoni: mvuke umekosa njia. Orion iligusa anga, ikainuka, ikashuka tena. Moto ulipopungua katikati, gesi iliendelea kuzaliwa ndani, na kaa halikuwa na matundu ya kuitoa. Maabara haikuliona hilo mapema, kwa sababu tanuri lake lilikuwa kali kuliko safari yenyewe, na humo kaa lilipata matundu ya kuitoa gesi.