Kompresa ya AC ya gari: ikague mwenyewe kabla hujakimbilia kujaza gesi

Haya wadau karibuni, leo tunafungua boneti tuangalie kompresa ya AC, ile pampu inayobana gesi na kuizungusha, maana kila siku ni swali lilelile, AC haipoozi, nikajaze gesi? Subiri kwanza. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama mafuta ya tanki, inazunguka tu humohumo kwenye mabomba, mfumo mzima unapoteza kidogo sana tena kwa miaka, sasa ukiona imeisha ndani ya miezi kadhaa ujue kuna sehemu inavuja, na ikivuja haitoki peke yake, inatoka na oili, na hiyo oili ndiyo inayolainisha kompresa kwa ndani. Kwa hiyo ukijaza kila mara bila kutafuta panapovuja unaiua kompresa taratibu, na unalipia kuiua.

Tuanze. Zima injini, acha ipoe. Kompresa utaipata kwa kufuata mkanda, ipo upande ule wa puli, mara nyingi chini kabisa, hiyo hapo, ina mabomba mawili ya alumini. Hili nene linaleta gesi ya baridi kutoka kwenye evapareta, kile kipoozeo cha hewa kilichoko ndani ya dashibodi, hili jembamba linatoa gesi iliyobanwa, ya moto na presha kubwa, inaenda kwenye kondensa, ile inayoipoza gesi, iliyoko mbele ya rejeta. Kisha tafuta stika chini ya boneti imeandikwa aina ya gesi, magari mengi ni R134a na mapya yanatumia R1234yf, hizi mbili hazichanganywi kabisa, ndiyo maana hata midomo ya kujazia wameitengeneza tofauti.

Sasa klachi, yaani ile inayounganisha puli na kompresa ukiwasha AC. Washa injini lakini AC bado iko ofu, mikono na kamba za nguo mbali na mkanda tafadhali. Angalia pale, puli inazunguka ila ile sahani ya mbele yake imetulia, sawa? Mwambie mtu aliyekaa ndani awashe AC, utasikia "tak" na sahani inaanza kuzunguka pamoja na puli. Hiyo ni sumaku imeivuta. Kama haikuvuta usiseme kompresa imekufa, watu wanauziwa kompresa nzima kwa sababu ya fyuzi jamani. Anza na fyuzi, halafu rilei, ile swichi ndogo ya umeme, halafu chomoa soketi ya klachi upime koili, yaani waya wa ile sumaku, kwa mita ya umeme, nyingi zinasoma kati ya omu 3 na 5, ikisoma haina mwisho basi koili imekatika. Na kuna presha swichi, hii kazi yake ni kuikatalia kompresa isiwake gesi ikiwa ndogo sana, ukikuta fundi ameibaipasi ili AC iwake mkimbie, kwa sababu gesi ikiwa ndogo oili nayo hairudi, kompresa itajisaga yenyewe.

Kuna tatizo moja linawachanganya wengi, asubuhi AC inapooza vizuri tu, ukikaa kwenye foleni injini ikapata moto inaacha, ukizima gari likapoa inarudi. Hapo mara nyingi ni pengo kati ya sahani na puli limekuwa kubwa baada ya kulika, koili ikipata moto nguvu ya sumaku inapungua inashindwa kuivuta. Chukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia pengo, upitishe hapa, klachi nyingi zinataka kama milimita 0.3 hadi 0.6, zungushia sehemu tatu tofauti usipime moja tu. Likizidi unafungua nati ya katikati, unatoa kiringi kimoja chembamba (washa) nyuma ya sahani, unarudisha. Kazi ndogo tu. Ila magari mengine hayana klachi kabisa, kompresa inazunguka muda wote na kuna valvu ya umeme inayopunguza na kuongeza kazi, huko usitafute "tak". Na kwenye haibridi au gari la umeme zile waya nene za rangi ya chungwa usiguse, huo ni umeme wa kuua.

Sauti. Kama kuna mlio hata AC ikiwa ofu, shuku beringi ya puli, hiyo inabadilishwa peke yake. Kama mlio unakuja ukiwasha tu, kama kuna vyuma vinasagana, tatizo liko ndani, zima usiendelee kuitumia, kwa sababu yale machenga ya chuma yanasafiri hadi kwenye kondensa na hayatoki kirahisi.

Ikiwa inavuta na haina kelele, iache ifanye kazi dakika chache halafu gusa bomba nene, liwe la baridi linatoa jasho, jembamba liguse kwa haraka tu maana linaunguza. Yakiwa na joto karibu sawa, ama gesi hamna ama kompresa haibani, na hapo ndipo geji ya presha inapoamua. Kwa R134a injini ikiwa inaunguruma taratibu, upande wa presha ya chini (bomba nene) kama psi 25 hadi 45, wa presha ya juu (bomba jembamba) 150 hadi 250 kutegemea joto la siku hiyo. Zote mbili chini, gesi pungufu. Ya chini imepanda na ya juu imeshuka, kompresa imechoka. Ya juu imepitiliza, angalia feni na uchafu kwenye kondensa, au kuna mtu amejaza kupita kiasi.

Kutafuta panapovuja, pita na tochi kwenye maungio na hapa mbele ya kompresa kwenye sili ya shafti, ukiona vumbi limeganda na mafuta ndipo penyewe. Maji yanayodondoka chini ya gari hayo ni kawaida, achana nayo. Na usifungue bomba lolote lenye presha, R134a inachemka kwenye nyuzi -26, ikikurukia machoni ni hatari kweli, kutoa gesi mwachie fundi mwenye mashine ya kuivuta.

Matunzo yenyewe ni machache. Washa AC dakika 10 hivi kila wiki hata msimu wa baridi, oili izunguke sili zisikauke. Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo usije ukakunja mapezi yake. Mfumo ukifunguliwa, dai draia mpya, ile inayonyonya unyevu, na oringi mpya, zile sili za mpira za kwenye maungio, na vakyumu, yaani kuvuta hewa yote itoke, isiyopungua dakika 30, kwa sababu oili ya PAG, aina inayotumika kwenye kompresa nyingi, inanyonya unyevu wa hewani. Namba ya oili ifuate kompresa yako, na kompresa za umeme kwa kawaida hazitumii PAG, zina oili yake isiyopitisha umeme. Ukifunga kompresa mpya, kabla ya kuvalisha mkanda zungusha sahani kwa mkono mizunguko 10 au zaidi, oili itoke kwenye silinda, kisha washa AC injini ikiunguruma taratibu, usipige resi.