Gemu Iliyokaa Kabatini Miaka 22

Habari za jioni, ndugu zangu. Nilipoombwa nizungumzie gemu zilizofutwa kabla ya kutoka, nadhani wengi wenu mlitarajia orodha ndefu. Leo nataka tukae na gemu moja tu, Star Fox 2, kwa sababu yenyewe haikufutwa ikiwa michoro kwenye karatasi. Ilifutwa ikiwa imekwisha.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1993 Nintendo, kampuni ya Japani, walitoa Star Fox kwenye mashine yao ya kuchezea gemu, Super Nintendo. Unakuwa rubani, mbweha aitwaye Fox McCloud, unarusha chombo kiitwacho Arwing. Tatizo ni kwamba mashine ile haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya pande tatu kwa kasi inayofaa. Dawa ilitoka Uingereza, kwenye kampuni ndogo ya London iitwayo Argonaut. Walibuni chipu, ikaitwa Super FX, ikawekwa ndani ya katriji yenyewe, kile kikasha cha gemu unachochomeka kwenye mashine. Yaani ukinunua gemu, umenunua na ubongo wa ziada wa kuisaidia mashine yako kupiga hesabu. Mimi jambo hili linanistaajabisha hadi leo.

Baadhi ya vijana wa Argonaut walihamia Kyoto, makao makuu ya Nintendo, kufanya kazi pamoja na Wajapani. Mmoja wao, Dylan Cuthbert, ndiye aliyeongoza uandishi wa programu ya Star Fox 2, naye alikuwa na miaka ishirini na ushei tu.

Sasa sikilizeni walichotengeneza. Gemu ya kwanza ilikuwa kama kupanda treni: njia umepangiwa, wewe kazi yako kulenga na kukwepa. Ya pili ilikupa ramani ya sayari zote na marubani sita uchague wawili. Adui, Andross, anarusha makombora kuelekea sayari ya nyumbani, Corneria. Ukienda kupigana na meli moja, kwenye ramani saa haisimami; makombora yanaendelea kusogea. Kwa hiyo kila vita unavyochagua vina gharama yake. Corneria ikifikia madhara asilimia 100, umeshindwa. Ukitua, Arwing inageuka kuwa na miguu, inatembea ndani ya ngome ya adui. Na angani unageuka upande wowote utakao. Haya yote kwenye mashine iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1990!

Ilionyeshwa hadharani Januari 1995 huko Marekani. Ndani ya mwaka huohuo kazi ikakamilika, na uamuzi ukatolewa: haitoki.

Kwa nini? Mwishoni mwa 1994, Saturn ya Sega na PlayStation ya Sony zilikuwa zimeingia sokoni Japani, na picha zao za pande tatu ziliiacha Super Nintendo mbali. Nintendo nao walikuwa wanaandaa Nintendo 64. Shigeru Miyamoto, mbunifu mkuu wa gemu wa Nintendo, alitaka mpaka ulio wazi: pande tatu za kweli zianze na mashine mpya. Namwelewa. Lakini naona uamuzi ule ulikosea, na tarehe zenyewe zinasema. Nintendo 64 ilichelewa hadi Juni 1996, na Star Fox 64 haikutoka hadi Aprili 1997. Karibu miaka miwili ilipita pasipo Star Fox yoyote mpya, na huku gemu nzima iko kabatini.

Hata hivyo, mawazo yake yalitoka kabatini moja moja. Star Fox 64 ilichukua kuruka kwa uhuru pande zote, pamoja na kikosi cha mahasimu, Star Wolf. Ramani ya mkakati ikarudi mwaka 2006 katika Star Fox Command, iliyotengenezwa na kampuni aliyoianzisha Cuthbert mwenyewe hukohuko Kyoto, Q-Games. Arwing yenye miguu ikaonekana tena mwaka 2016, katika Star Fox Zero. Watoto walitangulia kujulikana mjini, mzazi bado amefungiwa ndani.

Wapenzi wa gemu nao hawakukaa kimya. Nakala zisizo kamili zilivuja, zikazunguka kwenye intaneti, watu wakakaa usiku kucha wakizirekebisha na kuzitafsiri kwa Kiingereza. Kisheria hilo lina utata, najua, na wanasheria mlio hapa mtanibana baadaye. Lakini ni wao waliofanya jina la Star Fox 2 lisisahaulike. Linganisheni na Sonic X-treme ya Sega, iliyofutwa bila kukamilika baada ya watengenezaji wake wawili kuugua vibaya kwa kazi. Pale hakukuwa na gemu nzima ya kuokoa. Vilibaki vipande tu.

Kisha mwaka 2017, Nintendo wakatangaza mashine ndogo ya kumbukumbu, Super Nintendo iliyofinyangwa upya ikiwa na gemu 21 ndani. Ishirini zilikuwa za zamani zinazojulikana. Ya ishirini na moja ilikuwa Star Fox 2, toleo lile lililokamilika, ambalo hata waliokuwa na nakala za kuvuja hawakuwa wamewahi kuliona. Ilianza kuuzwa Septemba 29.

Ila ukiwasha mashine unaikuta imefungwa. Ili ifunguke, unatakiwa kwanza uingie kwenye Star Fox ya 1993 na umalize hatua yake ya kwanza, juu ya anga ya Corneria, palepale ilipoanzia kazi ya wale vijana.