Kahawa Inayolipia Redio

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie redio huru za mtandaoni, zile zinazopiga muziki wa andagraundi ambao kwenye FM huusikii. Ziko nyingi, nami nitakaa na moja tu: The Lot Radio ya Brooklyn, New York, iliyoanza mwaka 2016.

Mwanzilishi wake, François Vaxelaire, ni Mbelgiji. Alipata kiwanja kitupu chenye umbo la pembetatu, kando ya barabara, akaweka kontena la meli. Ndani yake mna studio: mashine za santuri, mikisa ya kuchanganyia sauti, maikrofoni na kamera inayomrusha DJ mubashara. Hapohapo pana kibanda cha kahawa na bia. Mpita njia ananunua kikombe chake, anakaa kwenye benchi, na muziki unaokwenda dunia nzima anausikia palepale. Mauzo ya kibanda ndiyo yanayoiendesha redio.

Hapo kwenye kahawa ndipo penye siri yote, nami naomba mnivumilie. Mdhamini akishika mfuko wa redio, swali lake la kwanza ni wasikilizaji wangapi. Swali hilo likishaingia studio, wimbo wa dakika 12 usio na kiitikio umekwisha kazi yake. Mnunuzi wa kahawa haulizi hilo. Amelipia kahawa, basi. Kwa hiyo DJ akipewa muda wake anapiga anachokipenda, na hakuna meneja wa vipindi anayemkabidhi orodha ya nyimbo. Kwangu mimi huo ndio uhuru wa redio, na nauona mkubwa kuliko uhuru wa kusema lolote kwenye maikrofoni.

London waliupata kwa njia ya hatari zaidi. Redio za maharamia zilifunga antena juu ya mapaa ya maghorofa, usiku, bila kibali. Rinse FM ilianza hivyo mwaka 1994, ikapata leseni mwaka 2010.

Intaneti imeondoa antena, lakini imeleta bili ya aina nyingine. Mnara wa FM haujali kama wanaosikiliza ni 10 au milioni moja. Mtandaoni kila msikilizaji anapelekewa nakala yake. Kwa ubora wa sauti wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula takriban megabaiti 58. Wasikilizaji 1,000 wakikaa saa moja, seva imetoa gigabaiti 58. Huku kwetu maumivu ni ya pande mbili, maana msikilizaji naye ananunua bando. Akisikiliza kwa muda wa saa tatu kila jioni, kwa mwezi ni gigabaiti tano na ushei. Mkishusha hadi kilobiti 48, zinabaki kama mbili. Muziki utapungua utamu kidogo, lakini kijana wa Mburahati, Dar es Salaam, ataumudu.

Nimeitaja Mburahati kwa makusudi. Studio ya mtayarishaji wa muziki Sisso ipo huko, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli yake, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam. Ma-DJ wa Ulaya wakashtuka: mapigo zaidi ya 200 kwa dakika! Nilifurahi, na niliumia pia. MC anachana usiku kucha kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani, watu wanapagawa, asubuhi maturubai yanakunjwa na mistari yote imepotea. Redio ya mtandaoni inarusha na kuhifadhi kwa wakati mmoja. Kipindi cha leo mtu atakisikiliza miaka kumi ijayo, pamoja na majina ya nyimbo na waliozitengeneza. Hata kama wanaosikiliza mubashara ni 15, hiyo hazina itakuwa imebaki.

Mtakaoanzishia Tanzania, kumbukeni kwamba kanuni za mwaka 2018 ziliitaka redio ya mtandaoni iwe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania; zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo ulizeni kwanza. Kama kuna ada, ipigieni hesabu kabla ya kununua mikisa, kisha tafuteni kibanda chenu kitauza nini: kahawa na kashata, urojo, hata kuchaji simu. Bei za seva nimeziandika ubaoni. Karibuni kwa maswali.