Dari ya Chumba cha Venus

Mabibi na mabwana, walionisikiliza miaka iliyopita wanajua nitaanzia wapi: Dublin, Great Denmark Street, kwenye Belvedere House, jumba lililokamilika mwaka 1786 kwa ajili ya George Rochfort, Earl (cheo cha kikabaila) wa pili wa Belvedere, na ambalo Wajesuiti, mapadri wa shirika moja la Kikatoliki, walilinunua mwaka 1841 wakalifanya shule. Dai langu ni lilelile: wanafunzi ndio waliolinusuru jumba hili.

Ukiwa barabarani huoni makuu, ila ukuta wa matofali na madirisha yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Fahari yote imewekwa ndani, hasa katika vyumba vitatu vya ghorofa ya kwanza, vyenye majina ya miungu ya kale ya Kirumi, Apollo, Diana na Venus, ambavyo dari zake zilipambwa na fundi wa lipu Michael Stapleton. Dari za enzi hizo zilitengenezwa hivi: fito nyembamba za mbao hupigiliwa misumari chini ya boriti, kisha lipu ya chokaa iliyochanganywa na manyoya ya wanyama husukumwa hadi ipenye kati ya fito na kujikunja kwa nyuma. Kujikunja huko ndiko kunakoibeba dari nzima, pamoja na mashada yake, majani yake na miungu yake.

Sasa tuje kwa Venus. Mapadri walimkuta mungu huyu wa mapenzi darini, mavazi yake hayatoshi, juu ya vichwa vya wavulana waliotakiwa kuinamia vitabu. Wakamwondoa. Walimwondoa yeye tu. Mapambo yaliyomzunguka wakayaacha, na chumba kinaitwa kwa jina lake mpaka leo, jambo ambalo hunichekesha kila ninapolisimulia.

Naona kuna mkono unataka kunyanyuka, kusema kwamba huo ni uharibifu. Ni uharibifu, sikatai. Lakini mwenye hoja hiyo atembee kidogo hadi Henrietta Street, akaone yaliyoyapata majumba ya rika lile ambayo hayakupata shule. Bunge la Ireland lilipovunjwa na nchi kuunganishwa na Uingereza mwaka 1801, matajiri walianza kuhama Dublin, na baada ya muda kumbi zao zikakatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha maskini. Katika jumba namba 14, ngazi kuu iling'olewa ili nafasi ya wapangaji iongezeke, na kufikia mwaka 1911 waliishi humo watu 100. Nani aliyepoteza zaidi, aliyenyang'anywa sanamu moja au aliyenyang'anywa ngazi? Shule ilihitaji kumbi pana zenye mwanga, ikazikuta tayari; haikuwa na sababu ya kuzikata.

Wageni wengi hunikatiza hapa waulize habari za mwandishi maarufu James Joyce. Alisoma hapo kuanzia mwaka 1893 hadi 1898. Basi. Tafadhali tazameni juu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo madirisha nayaacha, na ngazi pia. Kuhusu ukarabati nasema moja: msizibe nyufa za chokaa kwa saruji, maana saruji ni ngumu na huzuia unyevu kutoka, na lipu ya zamani iliyo kando yake ndiyo inayomomonyoka. Mkipenda kuuliza, anzeni na paa, kwa sababu maji yakishavuja hadi kwenye zile fito, hakuna fundi wa mapambo atakayewasaidia.