Gesi Ipo, Njia Je?

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Kila linapotangazwa eneo lenye gesi asilia, watu huuliza kwanza: ipo kiasi gani? Leo naomba tuulize jingine: itapitia wapi? Katika miamba iliyobana, swali hili la pili ndilo linaloamua kama kisima kitalipa gharama zake.

Gesi haikai chini kama maji kisimani. Imejibana katika vitundu vilivyo baina ya punje za mchanga. Kwa mamilioni ya miaka punje hizo zimegandamizwa, na madini kama kwazi na udongo wa mfinyanzi yakaota humo humo ndani. Vitundu vimebaki, ila vimeunganishwa na vipenyo vyembamba mno. Vipenyo hivyo mimi naviita makoo ya mwamba, na mazungumzo yetu yote ni juu yake.

Chukueni miamba miwili, kila mmoja una vitundu asilimia 8 ya ujazo wake. Kwenye karatasi ni mapacha. Mmoja unatoa gesi, mwingine hautoi kitu. Kwa nini? Kwa sababu koo ni kama mrija: mrija ukipungua upana kwa nusu, shinikizo likiwa lile lile, kinachopita hushuka hadi sehemu 1 kati ya 16. Ukipungua mara 10, hushuka mara 10,000. Kwa hiyo asilimia ya vitundu, peke yake, inadanganya.

Mfaransa Henry Darcy alipima maji yakipita kwenye mchanga huko Dijon, akachapisha matokeo mwaka 1856. Kipimo cha upenyezaji, yaani wepesi wa mwamba kupitisha maji au gesi, kikapewa jina lake: darsi. Mwamba uliobana kwa kawaida ni ule ulio chini ya milidarsi 0.1, milidarsi ikiwa sehemu 1 kati ya 1,000 ya darsi. Makoo yake mara nyingi hayafiki upana wa mikromita 2 (mikromita ni sehemu 1 kati ya 1,000 ya milimita), na mengine ni sehemu ndogo sana ya mikromita moja.

Mtauliza: molekuli ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina upana wa nanomita 0.4 hivi, na nanomita ni sehemu 1 kati ya 1,000 ya mikromita, si itapita tu? Ingepita, kama isingekuwa maji. Maji hung'ang'ania kuta za koo, na koo likiwa jembamba ndivyo yanavyong'ang'ania zaidi. Katika koo lenye nusu kipenyo cha mikromita 0.1, kuyasukuma maji safi ya joto la kawaida kunahitaji shinikizo la karibu angahewa 14, yaani mara 14 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana maji tunayoingiza wenyewe ili kupasua mwamba yanaweza kuiziba gesi tuliyoifuata.

Na hapa nisisitize. Kupasua mwamba hakupanui makoo. Kunaisogeza barabara karibu na gesi, basi. Gesi ya kando ya ufa hutoka upesi, ya ndani hujikokota, na uzalishaji hushuka kwa kasi mwanzoni kisha hudumu mdogo kwa miaka. Tena shinikizo la ndani likishuka, uzito wa miamba ya juu hubana makoo zaidi. Kufungua kisima kwa pupa, kwa maoni yangu, ni kujiharibia.

Kwa hiyo, kabla ya kupasua, dai vipimo vya sampuli ya mwamba: zebaki iliyosukumwa ndani ionyeshe upana wa makoo, na upenyezaji upimwe sampuli ikiwa imegandamizwa kama ilivyokuwa chini. Sampuli iliyolegea mezani huonyesha makoo mapana kuliko yale ambayo gesi itakutana nayo.