Usingoje Kustaafu Ndipo Uandike

Asante, mwenyekiti. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mliokuja na miswada mikobani, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya sifa na mazoea yanayomdumisha mwandishi katika kazi yake. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwa karani wa forodha.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926 akaajiriwa na serikali ya kikoloni katika idara ya forodha, akadumu humo hadi 1944. Akahamishiwa Longido, kule Umasaini. Mwaka 1946 akarejea Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha ofisi ya upimaji ardhi, mpaka 1960. Piga hesabu: hiyo ni miaka 34 ya ajira. Alifariki mwaka 1962.

Naomba tutulie hapo kidogo, maana hili ndilo linaloniuma na nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti. Angesema "nitaandika nikistaafu", angepata miaka miwili tu. Kusadikika kilitoka 1951, naye ni mtumishi. Adili na Nduguze kikatoka 1952, bado ni mtumishi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000 hivi, aliutunga miaka ya vita kuu ya pili na kuumaliza vita vilipokwisha, wakati wote huo akila mshahara wa karani. Mnaotunga tenzi mnaijua kazi yenyewe: kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane, yaani silabi nane, na kina cha bahari, kile cha mwisho wa ubeti, kikishikwa kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Beti 3,000 ni mishororo 12,000. Hakuna usiku mmoja wa mzuka unaozaa mishororo 12,000. Hiyo ni kazi ya mtu aliyerudi nyumbani jioni amechoka, akakaa, akatunga chache, akalala, na kesho yake akakaa tena. Na utenzi wenyewe ulichapishwa 1967, yeye hayupo. Kwa hiyo wala hakuwa akisukumwa na kitabu kilichokuwa kikimngoja dukani.

Sasa sikilizeni ninayoambiwa kila siku. "Nitaandika nikimaliza shahada." "Mtoto akianza shule." "Nikipata chumba changu." "Nikipata nafasi." Jamani, nafasi haiji! Mwandishi ndiye huikata kutoka kwenye siku iliyokwisha kujaa. Ndiyo maana nikiulizwa sifa ya kwanza ya mwandishi, sitaji kipaji. Vipaji nimeviona vingi, na vingi vimezikwa pamoja na wenyewe bila kuacha hata sura moja. Sifa ya kwanza ni kuipa kazi hii saa yake na kuilinda saa hiyo kama unavyoilinda saa ya kuripoti kazini. Ukichelewa ofisini unatafuta la kumwambia bosi. Ukichelewa mezani kwako mbona huna wasiwasi?

Kuna kijana pale anatikisa kichwa, na najua anachotaka kusema: enzi za Shaaban hakukuwa na simu wala mitandao ya kumla mtu muda. Kweli. Lakini kulikuwa na uhamisho wa serikali, na kulikuwa na njia ya uchapishaji nyembamba kuliko hii yenu, tena mikononi mwa wakoloni. Kila zama na mwizi wake wa muda. Simu yako ina kitufe cha kuizima.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la akina mama, na hilo silipuuzi. Dada mmoja aliwahi kuniuliza: mwanamke anayeamka alfajiri kupika, akaenda kazini, akarudi kuosha na kulisha, hiyo saa aikate wapi? Mzigo hauko sawa, na asemaye uko sawa anasema uongo. Kina baba mliomo humu, mkeo akiwa mtunzi, saa yake iko mikononi mwako pia: chukua mtoto, osha vyombo. Lakini namkumbusha dada yangu Mwana Kupona wa Pate. Mwaka 1858 alikuwa mjane na mgonjwa, naye alikuwa na binti wa kuusia, Mwana Hashima. Akamtungia utendi wa beti 102. Miaka miwili baadaye akafariki, na hadi leo beti zake zinasomwa. Hakuchagua riwaya ya kurasa mia nne. Alichagua umbo aliloweza kulibeba kichwani akiwa kitandani. Hiyo nayo ni busara ya mwandishi: kuijua nguvu uliyonayo mwaka huu, na kuchagua kazi inayoenea humo.

Na hapo niwataje wale wanaodhani daftari zuri na meza ni sharti. Abdilatif Abdalla alikamatwa Kenya mwishoni mwa 1968 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani, kwenye karatasi za chooni, kwa siri. Yakachapishwa 1973. Simsifu mkoloni mamboleo kwa kumfunga mtu, na asitoke mtu hapa akasema nimefundisha kwamba mateso ndiyo shule ya mshairi. Gereza halikumpa ushairi. Alikulia katikati ya washairi, mizani na vina vilikuwa vimemkaa damuni kabla mlango haujafungwa. Mazoea ya miaka yote ya nyuma ndiyo yaliyofanya karatasi ya chooni itoshe. Asiye na mazoea, mpe ofisi yenye kiyoyozi na kompyuta mpya, atafungua faili, atapamba jina la kitabu, atafunga.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Maneno 200 ni nusu ukurasa na kidogo. Siku 5 kwa wiki, unapata maneno 1,000. Wiki 50, maneno 50,000. Hiyo ni riwaya, tena si fupi. Badala yake tunafanya nini? Tunangoja tangazo la tuzo. Kuna tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hapa Tanzania ile ya Mwalimu Nyerere ilipata washindi wake wa kwanza 2023. Nafurahi sana kwamba zipo, tulizililia. Lakini mswada ulioandikwa wiki ya mwisho kabla ya dirisha kufungwa unajulikana kuanzia ukurasa wa pili: wahusika wanabadilika majina, mvua inanyesha Januari na sura hiyohiyo ni kiangazi. Tuzo haimtengenezi mwandishi. Inamkuta yuko kazini. Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza 1987, na Nobel ikamfikia 2021. Miaka 34 hapo katikati alikuwa akiandika, na mingi kati ya hiyo akifundisha chuo kikuu Uingereza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya kusoma, nami nitasema sentensi mbili. Asiyesoma mashairi ya wenziwe atarudia yaliyokwisha kusemwa na ataona amegundua. Na soma kwa sauti, kazi yako kwanza, kwa sababu Kiswahili kikikosea sikio hulijua kabla ya jicho.

Juu ya kuhaririwa: ukirudishiwa mswada wenye wino mwekundu, usimjibu mhariri siku hiyo. Mjibu baada ya wiki. Na mkataba usome wote, hasa kifungu cha mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Suala la malipo ningehitaji mkutano mzima.

Basi, maswali. Anayetaka kuniuliza mtaji wa kuchapisha, namwomba kwanza aniambie mswada wake umefika sura ya ngapi.