Kijani kinachodanganya: msanii na misitu ya Nyanda za Juu Kusini

(Mhadhara uliotolewa Iringa mjini mbele ya wachoraji, wasukaji wa vikapu na wanafunzi wa sanaa)

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa vikapu, nimefurahi mmekaa mbele. Kwenye shughuli za sanaa nyinyi huwa mnawekwa nje, mezani, mkiuza.

Nimeombwa nizungumzie msanii na misitu katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi. Naanza na ugomvi. Picha nyingi za mazingira tunazochora huku kwetu zinasema uongo. Mchoraji akiambiwa achore mazingira yaliyotunzwa, anafungua kopo la kijani. Akiambiwa yaliyoharibiwa, anachukua kahawia. Kazi imekwisha, anadai chake. Kwaya nazo ni hivyo hivyo: kata mti, panda mti, makofi, tukae.

Pandeni basi la kwenda Mafinga, kaeni dirishani. Shamba la Miti Sao Hill ni kijani mwaka mzima, kilima baada ya kilima. Ni shamba kama la mahindi, ila mavuno yake ni mbao na nguzo. Ingieni ndani ya mipaina muone: mistari imenyooka, miti ina umri mmoja, chini kuna zulia la sindano kavu na mimea mingine michache sana. Silidharau shamba lile. Mbao zimejenga nyumba zetu na kusomesha watoto, pengine hata baadhi yenu mliomo humu. Lakini nendeni kwenye mabaki ya msitu wa asili kule kule Mufindi, au mpande mlima Rungwe, kisha mniambie mtatumia kopo lipi. Kuna kijani kinachokaribia weusi, kuna cha kimanjano, kuna kijivu cha mimea midogo inayoota juu ya magome. Mti mzee umeegemewa na kijana wake, mtambaazi umewapita wote kwenda kutafuta jua.

Huko Rungwe ndiko anakoishi kima aitwaye kipunji. Wanasayansi walimtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake wa kisayansi, Rungwecebus, kwa sababu hakuingia vizuri katika zile zilizokuwepo. Walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Naomba wanafunzi wa fasihi simulizi mlizingatie hilo: masimulizi ya wawindaji yalitangulia, vipimo vikafuata. Na kima huyu ana mlio wake wa pekee, kama kubweka. Sijamsikia bado mwanamuziki wa Mbeya aliyeuingiza kwenye wimbo, nami nashangaa, maana sauti za magari tumeshaziingiza zote.

Kitulo nako kuna udanganyifu wa aina nyingine. Uwanda ule uko juu, kama mita 2,600, baridi yake mnaijua. Sehemu kubwa ni nyasi. Mchoraji aliyefundishwa kwamba mazingira maana yake miti ataona uwanja mtupu. Kumbe wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Kuna aina zaidi ya 40 za maua ya orkidi, zikiwemo zile ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa Zambia kwenda kupikwa chikanda, chakula cha huko. Maji yanayoteremka kutoka huko huingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi.

Ujerumani, msanii Joseph Beuys alianza mwaka 1982 kupanda miti 7,000, mialoni na mingineyo, katika mji wa Kassel, kila mti na jiwe lake pembeni. Alifariki mwaka 1986, kazi ikakamilika mwaka uliofuata. Naiheshimu sana kazi ile. Ilifaa pale, katika mji ambao vita ilikuwa imeuchoma kwa mabomu. Msanii atakayeinakili na kwenda kupanda miti katikati ya nyasi za Kitulo atakuwa ameua maua kwa jina la mazingira, tena mbele ya kamera.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kutazama sawasawa. Mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mvua hazijaanza, miombo hutoa majani machanga mekundu, mengine rangi ya shaba. Msitu mzima unawaka. Nani kati yetu amelichora hilo? Na aliyelichora, je, aliandika tarehe?

Tarehe ndiyo naisisitiza leo. Kule Kyoto, Japani, watu wa ikulu na washairi waliandika katika shajara na mashairi siku walizokwenda kutazama maua ya micheri, tangu karne ya 9. Hawakuwa wakipima tabianchi; walikuwa wakistarehe. Watafiti wa siku hizi wamezikusanya tarehe hizo, na ndiyo maana maua yalipofikia kilele tarehe 26 Machi 2021, iliwezekana kusema kwamba hayakuwahi kuwahi hivyo katika kumbukumbu za miaka zaidi ya 1,200. Mwombo mmoja, ukichorwa na mtu yule yule kila mwaka, tarehe nyuma ya turubai, ni kumbukumbu ambayo hapa kwetu wachache wanayo.

Akina mama, sijawasahau. Milulu mnayosukia huota mabondeni penye unyevu. Bonde likichimbwa mifereji ya vinyungu, zile bustani za bondeni za kiangazi, au milingoti, yaani mikaratusi, ikipandwa kwenye chanzo cha maji, milulu inapungua na safari ya kuitafuta inarefuka. Sisemi vinyungu vifutwe. Mboga zake nazila kiangazi chote. Nasema kikapu kiuzwe na kikaratasi: milulu imekatwa bonde gani, mwezi gani. Mnunuzi wa Dar es Salaam ataona ni pambo. Baada ya miaka ishirini atakayezikusanya karatasi hizo ataona bonde lipi lilikauka lini.

Mama mwenye kitenge cha njano amenyoosha mkono tangu nilipotaja milingoti. Karibu, mama, mpeni kipaza sauti.